Mshairi Aliyechoma Mashairi Yake

Katika tenzi za mwambao wa Waswahili imo ada moja ya kale. Mtunzi akishafika kwenye beti za mwisho hujiita mja mnyonge, fakiri, mwingi wa makosa, na huwaomba wasomaji wamtengenezee palipoharibika. Mtunzi huyohuyo, akiitwa kwenye malumbano siku ya pili yake, hujinaki kwamba bahari ya tungo ni yake na wenziwe wangali wakitota ufuoni. Wapenzi wa ushairi hawaoni ajabu. Wanajua kwamba unyonge wa tamati na majigambo ya ukumbini ni mavazi mawili ya mtu mmoja, na kila vazi lina siku yake.

Yuko mshairi mmoja wa Kiingereza ambaye hakuridhika na mavazi. Alitaka kujua, mbele ya Mungu wake, ngozi iliyo chini ya mavazi hayo ni ya rangi gani. Jina lake ni Gerard Manley Hopkins, na tarehe 11 Mei 1868, akiwa na umri wa miaka 23, alizitia moto karatasi za mashairi yake. Katika kitabu chake cha kumbukumbu aliliandika tendo hilo kwa maneno machache tu, akiliita kwa jina la mauaji ya watoto wachanga wa Bethlehemu walioangamizwa kwa amri ya Herode. Miezi minne baadaye aliingia unovisi wa Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, huko Roehampton, pembezoni mwa London.

Jina hilo lafaa litazamwe vizuri. Aliyechoma ni yeye, na kilichoombolezwa ni kazi yake. Kwa hiyo kwa maneno yale machache alijifanya Herode na papo hapo akajifanya mama aliaye. Mtu aliyekwisha kuyaona mashairi yake si kitu hasemi hivyo. Husema amechoma karatasi.

Alizaliwa mwaka 1844 huko Stratford, katika jimbo la Essex, kifungua mimba wa watoto tisa. Baba yake alikuwa mtu wa bima za baharini: merikebu ikivunjika au shehena ikitoswa, kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya hasara na kuamua nani alipe kiasi gani. Baba huyo naye alitunga mashairi na kuyachapisha. Mtoto alipata zawadi ya ushairi shuleni Highgate mwaka 1860, akaingia chuo cha Balliol, Oxford, mwaka 1863, na akamaliza mwaka 1867 kwa daraja la kwanza. Katikati ya hapo, Oktoba 1866, alikuwa amepokewa katika Kanisa Katoliki na John Henry Newman, jambo lililowahuzunisha sana wazazi wake Waanglikana.

Kijana aliyesifiwa tangu utotoni huwa na kiburi cha namna yake. Kiburi cha mali hujulikana kwa mavazi na milango, na mwenye nacho akifilisika humtoka, atake asitake. Kiburi cha mwenye kipawa hakina mlango. Kimo katika jicho linaloona uzuri ambao wengine hawauoni, na katika sikio linalosikia kosa la mizani kabla ya mwimbaji hajafika kwenye kituo. Hopkins alilijua hilo mapema. Novemba 1865, angali mwanafunzi, aliandika kwamba ameazimia kuacha kila kilicho kizuri mpaka apewe na Mungu ruhusa ya kukitazama. Na akiwa novisi, tangu Januari 25 hadi Julai 25 mwaka 1869, alifanya malipizi ya kuinamisha macho, hata miezi sita ikapita bila kuona mengi ya majira yale. Kwa mtu ambaye daftari zake zimejaa maelezo ya mawingu, ya majani ya mialoni na ya namna maji yanavyojikunja yakianguka, hiyo ilikuwa saumu kubwa kuliko ya chakula.

Mwenye kusoma habari hizi leo aweza kuona ukali uliopita kiasi, na huenda asikosee. Lakini ukali si kitu cha kushangaza zaidi katika kisa cha moto ule. Cha kushangaza ni barua aliyomwandikia rafiki yake Robert Bridges mwezi Agosti mwaka uleule wa 1868. Alimweleza kwamba mashairi ameyachoma kwa kuwa aliona yataingilia wito wake, kisha akaongeza kwamba amebakiza nakala zilizosahihishwa za baadhi ya yale ambayo Bridges alikuwa nayo, na kwamba atampelekea, ili aliyonayo yawe katika sura yake ya mwisho.

Kwa hiyo kafara ilitolewa, na nakala ikawekwa. Wako wanaocheka wakifika hapo. Wangengoja kidogo kabla ya kucheka, kwa maana barua haionyeshi hila. Inaonyesha mtu ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa motoni na wa kushoto ungali ukisahihisha vina. Kutupa jambo zima kwa mara moja ni tendo la shujaa, na shujaa hupenda kutazamwa. Hata Mungu peke yake akiwa ndiye mtazamaji, bado ni tamasha. Moto wa Mei 1868 ulikuwa mwepesi, kwa sababu aliyeuwasha alichagua mwenyewe siku, mahali na kitu cha kuchoma. Yaliyofuata hakuyachagua.

Hapa yafaa kutaja kando jambo moja ambalo wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa. Tungo nyingi zimesalia kwa sababu ya sanduku la mtu mwingine. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakuacha diwani iliyochapwa. Beti zake zilihifadhiwa na watu, zikakusanywa baadaye na William Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na kitabu kikatoka mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens. Sanduku la Hopkins lilikuwa Bridges. Yeye ndiye aliyezitunza tungo, akazinakili, na akatoa diwani mwaka 1918, miaka 29 baada ya mwenyewe kufa, wakati Bridges alikuwa tayari mshairi wa taifa la Uingereza. Zilichapwa nakala 750, na zilichukua karibu miaka 10 kwisha. Tabaruku ilikuwa kwa mama wa mshairi, ambaye alikuwa angali hai, akiikaribia miaka mia. Barua za Hopkins nazo Bridges alizihifadhi. Za kwake mwenyewe kwa Hopkins aliziharibu, na hivyo mazungumzo ya maisha mazima yamebaki ya upande mmoja.

Baada ya moto ulifuata ukimya wa miaka 7, ukikatizwa tu na vipande viwili vitatu vya kuagizwa. Kisha ikaja bahari. Mwezi Desemba 1875 merikebu ya Kijerumani, Deutschland, iliyotoka Bremen ikielekea New York, ilipanda fungu liitwalo Kentish Knock, karibu na mlango wa mto Thames, katika dhoruba ya theluji. Ilikaa pale zaidi ya siku nzima kabla ya msaada kufika, na watu wengi walikufa, wengine kwa maji na wengine kwa baridi. Miongoni mwao walikuwamo watawa watano wa Kifransisko, waliokuwa wakihama kwao kwa sababu ya sheria zilizoyabana mashirika ya Kikatoliki Ujerumani. Hopkins alikuwa akisoma teolojia Saint Beuno's, kaskazini ya Wales. Habari zilimgusa, akamwambia mkuu wa nyumba. Mkuu akajibu kwamba angependa mtu atunge shairi juu ya jambo hilo.

Neno hilo moja, lililosemwa labda bila uzito mkubwa, lilitosha. Mwana wa mpiga hesabu wa merikebu zilizovunjika alikaa akatunga beti 35 juu ya merikebu iliyovunjika. Na hakutunga kama watu walivyozoea. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa katika mizani ya silabi zinazohesabika kwa vidole, ataelewa upesi fujo iliyozuka: Hopkins alihesabu mapigo yenye mkazo tu, akaziacha silabi zisizo na mkazo ziwe chache au nyingi kadiri sauti itakavyobeba, na akatia alama juu ya maneno ili msomaji asipotee. Alilipeleka shairi kwenye gazeti la Wajesuiti wenzake, *The Month*. Mhariri kwanza alielekea kulikubali, baadaye halikuchapishwa.

Alipompelekea Bridges, rafiki yake wa tangu Oxford na karibu msomaji wake pekee, Bridges alimjibu kwamba hata kwa fedha hangelisoma tena. Tunalijua jibu hilo kwa sababu Hopkins alilirudia katika barua yake ya mwaka 1877, bila hasira, akimsihi alisome tu mara ya pili.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa chote. Kuyachoma mashairi yako ni kumwambia Mungu: hiki ni cha thamani, nakutolea. Kuandika shairi kwa ruhusa ya mkubwa wako, kwa ajili ya Mungu huyohuyo, kisha likataliwe na Kanisa lako na rafiki yako kwa pamoja, ni kuambiwa kwamba huenda halikuwa na thamani. Sadaka ya kwanza humpandisha mtoaji, ya pili humwacha amesimama mlangoni na kikapu chake.

Mwaka huohuo wa 1877 ulimwongezea mengine. Tarehe 11 Machi alihubiri mbele ya wenzake chuoni, wakati wa chakula kama ilivyokuwa desturi ya mazoezi, juu ya muujiza wa mikate mitano. Alijitahidi kuwaonyesha ziwa la Galilaya kwa kulilinganisha na bonde la Clwyd walilokuwa wakiliona dirishani, akarudia na kurudia yale maneno ya kuwaketisha watu. Wenzake wakaanza kucheka. Yeye mwenyewe ameandika kwamba walicheka mno, na wengine aliwaona wakijiviringisha vitini. Baadaye mitihani ya teolojia haikumfanikia kiasi cha kupewa mwaka wa nne, na kukosa mwaka huo maana yake ilikuwa kwamba hatapanda ngazi za juu katika shirika. Alipewa upadri Septemba, kisha akaanza kuhamishwahamishwa: Chesterfield, London, Oxford, Liverpool, Glasgow. Shirika halikumwonea, lilikuwa na padre mwema, mdhaifu wa mwili, ambaye halikujua limweke wapi.

Mwanzilishi wa shirika hilo, Ignatius wa Loyola, katika *Mazoezi ya Kiroho* yake alitaja daraja tatu za unyenyekevu. Ya kwanza ni kutii sheria ya Mungu katika mambo makubwa. Ya pili ni kutopendelea utajiri kuliko ufukara, wala heshima kuliko aibu, ikiwa Mungu hutukuzwa sawasawa. Ya tatu ni kuchagua kwa hiari ufukara na dharau, na kuhesabiwa mjinga, kwa sababu Kristo alihesabiwa hivyo kabla. Kila Mjesuiti huyapitia mazoezi hayo. Si kila mmoja huiona daraja ya tatu ikimjia chumba cha kulia chakula kwa sura ya wenzake wanaoshika mbavu.

Mwaka 1883 Hopkins alimwandikia Bridges barua ambayo mwanzo wake ni mazungumzo juu ya uungwana, na ghafla ikaingia katika waraka wa Paulo kwa Wafilipi, mlango wa pili, pale panaposemwa kwamba Kristo hakuung'ang'ania usawa wake na Mungu. Kwa Hopkins hiyo ndiyo asili ya utakatifu wote wa Kristo, na kumwiga katika hilo ndiyo asili ya kila jema kwa wengine. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika pale ni cha mtu amwagaye chombo mpaka kikabaki kitupu. Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka makanisani imelieleza tendo hilo kwa kutaja utukufu, na picha ya chombo imepotea njiani. Si lawama, mfasiri alichagua maana akaacha picha, na kila mfasiri amewahi kusimama kwenye njia panda hiyo. Lakini picha ina faida yake. Chombo kilichovunjwa na chombo kilichomiminwa vyote havina maji, ila kimoja chaweza kujazwa tena. Moto wa mwaka 1868 ulikuwa wa kuvunja. Kumimina alijifunza polepole, na hakuna ushahidi kwamba alihitimu.

Mwalimu wake mmoja katika somo hili alikuwa mtu wa nje ya Kanisa lake. Richard Watson Dixon, padre wa Kianglikana aliyewahi kufundisha Highgate kwa muda mfupi, alikuwa ametoa vitabu vya mashairi ambavyo vilikuwa vimesahauliwa. Juni 1878 Hopkins alimwandikia, bila kujuana naye vizuri, kumwambia tu kwamba aliyapenda. Mzee alishtuka kwa furaha. Katika barua iliyofuata Hopkins alimfariji kwa wazo ambalo lingefaa kubandikwa juu ya meza ya kila malenga: kwamba mhakiki wa pekee aliye mwadilifu ni Kristo, ambaye hujivunia vipawa alivyovitoa yeye mwenyewe kuliko awezavyo mwenye kupewa. Kumbe basi kiburi kinaweza kuhamishwa badala ya kuuawa. Anayestahili kujivuna kwa shairi jema yuko, na si mtunzi. Mwaka uliofuata Dixon, kwa mapenzi, alitaka kulipeleka shairi mojawapo la Hopkins kwenye gazeti la Carlisle. Hopkins akamzuia kwa haraka na kwa wasiwasi. Kumsifu mzee aliyesahauliwa lilikuwa jambo jepesi kwake. Kusifiwa yeye bado kulimtia hofu, kama mlevi aliyeacha pombe anavyopita mbali na kilabu.

Mwaka 1884 alipelekwa Dublin kufundisha Kigiriki na Kilatini. Kazi iliyomwangukia zaidi ilikuwa kusahihisha mitihani ya chuo kikuu cha nchi nzima. Safari moja alikuwa na karatasi 557 mezani. Alitoa alama kwa nusu na robo, kwa hofu ya kumdhulumu mtu, na kichwa kikimuuma. Dini yake na uzalendo wake wa Kiingereza vilimweka pabaya kati ya Waayalandi. Ni katika miaka hiyo, karibu na 1885, alipoandika soneti za giza ambazo Bridges aliziona mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa. Katika mafungo ya Januari 1889 aliandika kwamba maisha yake hayakuwa na zao.

Wapo waandishi wa kiroho ambao huyachukua maneno hayo kama kilele cha unyenyekevu. Hapana. Kujichukia ni kujitazama kulekule, ila kioo kimegeuzwa. Mtu anayekesha akihesabu kushindwa kwake hajajisahau hata kidogo, na Hopkins, aliyekuwa mkweli kuliko wengi wanaomsifu, aliuita ule uchungu kwa jina lake, akaogopa wazimu. Unyenyekevu wake wa Dublin, kama upo, uko kwenye zile robo alama: katika kumchukulia kijana asiyemjua, aliyeandika Kilatini kibovu, kuwa anastahili haki kamili ya dakika ile.

Mwaka 1888 Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu Alphonsus Rodriguez. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa Segovia, Hispania, aliyefiwa na mke na watoto, biashara ikamfia, akajiunga na Wajesuiti kama bruda asiye na elimu ya kutosha kuwa padre. Wakampa mlango. Kwa kiasi cha miaka 40 alikuwa bawabu wa chuo chao huko Palma, katika kisiwa cha Majorca, akipokea wageni, akibeba ujumbe, akigawa sadaka, mpaka alipofariki mwaka 1617. Mwanafunzi mmoja aliyepita mlangoni pake na kutafuta ushauri wake, Peter Claver, alivuka bahari hadi Cartagena na kuyamaliza maisha yake katika mashimo ya merikebu, akiwahudumia Waafrika walioletwa utumwani. Wote wawili walitangazwa siku moja.

Hopkins aliombwa atunge soneti kwa ajili ya sikukuu ya kwanza ya bawabu. Akaitunga: juu ya vita vinavyoonekana na vita visivyoonekana, na juu ya miaka inayopita mlangoni bila tukio. Oktoba 1888, miezi minane kabla ya homa ya matumbo kumchukua akiwa na miaka 44, alimpelekea Bridges atoe maoni, akimwambia, kwa mkoromo wa dhihaka kama alivyoeleza mwenyewe, kwamba safari hii shairi linakusudia kueleweka. Bridges alilisoma, akarudisha makosa. Hopkins akashukuru, akayakubali, akaitengeneza mishororo sita ya mwisho. Kosa moja tu hakulikubali, lile la mabara na milima, na juu ya hilo akakaa akaandika kumbishia.